Kamati ya Kumsikiliza Lamar

Jumapili, 4 Februari

Theluji imefika madirishani. Mkutanoni tulikuwa wachache, na jiko la kuni lilitoa moshi mwingi kuliko joto. Sisi Marafiki wa Plum Run, au Makweka kama watu wanavyotuita, hatuna mchungaji wala kwaya. Tunakaa kimya kwenye mabenchi saa nzima, na Roho akimsukuma mtu, anasimama anasema. Leo Roho hakumsukuma yeyote. Mimi alinigusa kidogo, lakini Rhoda mke wangu alinishika koti.

Wakati wa matangazo Lamar Pickett akasimama. Jirani yangu. Rafiki yangu tangu tukiwa na kaptura. Alimzika mkewe Verda mwezi wa Oktoba, na tangu hapo amekonda amekuwa kama ufagio. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hajui kama auze nyumba aende Arizona, huko jangwani, kwa binti yake Joanna, au abaki. Anaomba Mkutano umpe Kamati ya Uwazi.

Arizona! Moyo ulinishuka mpaka kwenye buti. Lamar ndiye mtu pekee katika wilaya hii ninayeweza kumshinda mchezo wa kurusha viatu vya farasi kwenye kigingi. Akiondoka nitacheza na nani? Na Galen daktari wa ng'ombe, ambaye harushi kiatu bali anakichomeka kama sindano?

Kamati ya Uwazi ni watu watatu wanaokaa na mwenye shida mpaka yeye mwenyewe aione njia yake. Lamar akamtaja Orpha Stanley papo hapo. Nilijua tu. Kila mtu anamtaja Orpha. Mjane wa miaka sabini na ushei, kazi yake kukutazama na kunyamaza, na watu wanatoka kwake wamelia na nyuso zimewang'aa kama waliooga. Kunyamaza! Kipaji gani hicho? Hata gogo linanyamaza. Wa pili akamtaja Galen. Wa tatu, akasema, atafikiria.

Wa tatu ni mimi. Lazima niwe mimi.

Kwenye kahawa nikamwendea nimfariji. Akaniambia asubuhi ndizo ngumu. Nikamwambia namwelewa kabisa, nikamsimulia jinsi mbwa wetu Duke alivyogongwa na gari la maziwa, na jinsi nilivyokosa hamu ya kula siku nzima. Nilisimulia vizuri mpaka mimi mwenyewe nikatokwa na machozi. Lamar akanipigapiga mgongoni akisema pole, Wilmer, pole. Akaiweka chini sahani yake ya pai ya tufaha, hajaigusa.

Nikaila mimi, isiharibike.

Jumatatu, 5 Februari

Mbinu imepatikana. Orpha anasifiwa kwa kunyamaza, basi nami nitamnyamazia Lamar mpaka aone ninafaa. Rhoda akasema mimi siwezi kunyamaza hata nikizamishwa kwenye pipa. Maneno ya mke. Nimemsamehe.

Nilipofunga duka (nauza chakula cha mifugo) nikaenda moja kwa moja kwa Lamar. Nikaingia, nikakaa mezani jikoni, nikamtazama. Akaniuliza kama nimekuja kuchukua kitu. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama nataka kahawa. Nikatabasamu kwa huzuni, upande mmoja tu wa mdomo, kama Orpha anavyofanya.

Hapo akaruka. Akaniamuru ninyanyue mikono yote miwili juu. Nikanyanyua mmoja, wa pili ulikuwa umeshikilia kiti. Akaniamuru nitaje jina langu. Ningelitajaje, na mimi nimeapa kunyamaza? Kabla sijajua la kufanya amekwisha mpigia Rhoda simu kwamba nimepigwa na kiharusi na mdomo umekwenda upande.

Rhoda alikuja mbio, na ndara, kwenye theluji ile. Alipoujua ukweli aliniita jina ambalo Rafiki hapaswi kumwita Rafiki mwenzake. Lakini Lamar akacheka! Akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

Alipokuwa akitusindikiza mlangoni akasema kwamba tangu mazishi watu wanakuja na bakuli la chakula, wanaliweka barazani, wanabisha hodi na kukimbia kama wezi. Friza imejaa. Mimi ndiye wa kwanza kuja mikono mitupu nikakaa. Akasema, "Wilmer, kuwa wa tatu."

Mungu ni mkubwa! Nimeingia!

Jumatano, 7 Februari

Orpha kaja dukani. Alingoja wateja waishe, ndipo akanieleza kanuni, kana kwamba mimi mgeni. Kamati haitoi ushauri. Haisimulii mambo yake. Wala haimwambii mtu kwamba yatapita. Inauliza tu. Na swali liwe lile ambalo mwulizaji mwenyewe hajui jibu lake.

Nikamwuliza, kwa heshima zote, sasa mtu mwenye uzoefu wa maisha kama mimi kazi yake itakuwa nini pale. Akasema, "Masikio, Wilmer. Mungu alikupa mawili, na mazuri makubwa."

Kisha akanunua mfuko wa chakula cha kuku, akaubeba begani mwenyewe mpaka kwenye gari. Kujionyesha tu.

Nimewaza mchana kutwa kati ya magunia. Kanuni inakataza ushauri. Haikatazi ushauri uliovaa koti la swali. Nani atajua? Nikajaribu kwa mama mmoja aliyekuja na habari za mbuzi wake mgonjwa. Badala ya kumshauri anunue mfuko mkubwa, nikamwuliza kwa upole: huoni kama mbuzi wako angependa mfuko mkubwa? Akaniuliza kama mbuzi kaniambia. Akanunua mdogo.

Si kitu. Mbinu yenyewe ni nzuri. Ilikosa tu kukaa vizuri mdomoni.

Ijumaa, 9 Februari

Kikao cha kwanza, sebuleni kwa Lamar. Kiti cha Verda kiko palepale dirishani na kikapu chake cha nyuzi. Wote tulikizunguka tukakaa kwingine.

Tukaanza kwa kimya. Kisha Orpha akauliza, "Lamar, siku yako inaanzaje?" Swali gani hilo? Kila mtu anajua siku inaanzaje. Inaanza asubuhi. Lamar akajibu hata hivyo, polepole, kwamba anachemsha kahawa ya vikombe viwili kwa mazoea, kisha anasimama anakitazama kile cha pili. Galen akamwuliza anakifanya nini. Akasema anakinywa pia, kikishapoa.

Nikaona mambo yanakwenda kwenye huzuni. Nikaingilia kumwokoa. Nikauliza: je, ni kweli kwamba huko Arizona nge hulala ndani ya viatu vya watu?

Orpha akanigeukia. Akaniuliza kama jibu la hilo ninalijua. Nikasema nimelisoma mahali.

"Basi si swali, Wilmer."

Nikajaribu mlango mwingine. Nikauliza yule nyoka wa jangwani mwenye njuga mkiani hupiga njuga kabla ya kuuma au baada ya kuuma. Orpha akaniuliza lilelile. Nikauliza mtu aliyezaliwa hapa Ohio huanza kuyeyuka kwenye joto la kiasi gani. Galen akashikwa na kikohozi cha ghafla, akaenda kukohoa jikoni. Nilimsikia. Kile hakikuwa kikohozi.

Orpha akaomba turudi kwenye kimya. Sawa. Nikatulia. Ila nikashusha pumzi, ndefu, ili Lamar ajue jinsi ninavyoubeba mzigo wake. Akaniuliza kama ni mzima.

Sasa hapa nitajitetea. Mtu kaniuliza swali ambalo hajui jibu lake. Kanuni ni kanuni. Nikajibu. Nikaeleza lile tumbo langu tangu Krismasi, upande linakoanzia, jinsi linavyopanda, linavyonguruma nikilala chali. Lamar akainuka kunichemshia tangawizi. Akaleta blanketi la Verda akanifunika magoti. Kikao kikaishia wote watatu wakilishika tumbo langu katika Nuru, ndivyo tunavyoita kuombea, vichwa vimeinama.

Nilijisikia nafuu sana. Kwa kweli kamati hizi zina baraka.

Mlangoni Orpha akasema tutakutana tena Jumanne, na kwamba nitafakari kwa moyo mweupe kama naitwa kuwemo. Nimetafakari njiani. Naitwa.

Jumamosi, 10 Februari

Rhoda kajua. Galen kamwambia. Amenipigia kelele tangu uji mpaka kahawa. Mwenzio kafiwa na mke, wewe unaombewa gesi! Huna hata chembe ya unyenyekevu, Wilmer Hoyle!

Maneno yalinichoma. Nikainamisha kichwa nikamwomba Mungu anipe unyenyekevu, ikiwezekana kabla ya Jumanne. Papo hapo nikapata wazo. Niende nikamzolee Lamar theluji njiani kwa siri. Siri yenyewe iwe ya wastani. Nikavaa kofia yangu nyekundu, nikatoka na koleo wakati ule anaokunywa kahawa dirishani.

Nikafika. Njia safi! Imezolewa mpaka ngazini, na majivu yamemwagwa mtu asiteleze. Nyayo ndogo za buti zinaelekea upande wa kwa Orpha. Alikuja kabla ya jua na hakumwambia mtu. Na huo ndio unyenyekevu? Unyenyekevu wa kuwanyima wenzako nafasi!

Ningefanya nini? Kurudi nyumbani na koleo kavu? Nikachota theluji ya bustanini, nikaimwaga njiani, nipate ya kuzoa. Nilikuwa nimekwisha pandisha kichuguu kizuri mbele ya ngazi pale dirisha lilipofunguka. Lamar, kikombe mkononi, akanitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Wilmer, nimekukosea nini?"

Jumapili, 11 Februari

Leo nimesema Mkutanoni. Juu ya unyenyekevu. Roho alinisukuma, au zilikuwa zile chapati za maji za asubuhi, lakini nilisimama kabla Rhoda hajaliwahi koti.

Nilieleza unyenyekevu ni nini. Nani anao. Nani anajidai anao huku akiamka alfajiri kuzoa theluji za watu. Sikutaja jina. Niliangalia tu upande fulani. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia sehemu ya tatu, ile niliyoiona nzuri kuliko zote, pale Orpha aliposimama taratibu akasema, "Rafiki, tumekusikia."

Kwa watu wengine hayo ni maneno ya adabu. Kwetu sisi ni kofi. Mara ya mwisho kusemwa hapa Plum Run, aliambiwa mgeni mmoja aliyesimama katikati ya kimya akaanza kuuza bima.

Nikakaa. Masikio yanawaka. Rhoda akanipa peremende bila kunitazama.

Kwenye kahawa nilijibanza karibu na makoti. Nani akaja kunifariji? Lamar. Akasema anaujua ule moto wa masikioni. Akasema siku hizi na yeye akiingia mahali anahisi wote wanamtazama na hakuna anayemwona. Nikamwambia asijilinganishe, yake ni ya kimoyomoyo, yangu ilikuwa ya hadharani. Akafikiri kidogo. Akasema huenda ni kweli. Akaenda zake.

Huyu mtu nimemzoea. Akienda Arizona sijui nitaongea na nani.

Jumatatu, 12 Februari

Lamar kaja dukani kununua punje za ndege. Verda alikuwa akiwawekea ndege kibandani, na ndege bado wanakuja, wanagonga dirisha. Alisimama na ule mfuko mkononi kana kwamba ana neno. Nikaona nafasi. Nikamwonyesha picha ya nge kwenye gazeti la wafugaji. Akatazama, akasema ni mkubwa kweli, akatoka.

Nahisi imemwingia.

Jumanne, 13 Februari

Nitaandika polepole.

Asubuhi Orpha alinipigia simu. Kama nitakuja, nije mtupu. Nilikuja nimejaa. Nilikuwa nimeyakariri maswali yangu ghalani, nikiwaeleza nguruwe wa maonyesho waliochorwa kwenye magunia.

Galen alileta biskuti za shayiri alizooka mwenyewe. Tukakaa. Nikauliza kama nyumba ya Joanna ina nafasi ya kutosha kwa mtu mwenye koti zito. Orpha alinyanyua nyusi tu. Nikauliza kama Lamar amewahi kufikiria jinsi watu wa jangwani wasivyojua kurusha viatu vya farasi. Nyusi. Nikauliza kama si kweli kwamba nyumba ikiuzwa haiuziki tena. Nyusi zote mbili. Maswali yangu yakaisha kama karanga kwenye mfuko wa mtoto.

Kikashuka kimya. Si kile cha kungoja mtu aseme. Kile kingine, kinachokalia mabega. Sikuwa na pa kupeleka macho, nikaangalia chini. Miguu ya Lamar. Soksi za kijivu, moja imetoboka kidoleni. Na hapo likanijia jambo ambalo limenisumbua miaka nenda miaka rudi, maana benchi langu liko nyuma ya lao. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hivi Lamar, mbona Verda alikuwa anavua kiatu kimoja?"

Laiti sakafu ingenimeza! Galen akafumba macho. Mimi nikamtazama Orpha, nikingoja nyusi. Hazikunyanyuka.

Lamar alinikazia macho kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Akaniuliza, "Wewe uliona?"

Nikasema ndiyo, kila Jumapili, mguu wa kushoto, watu wakishanyamaza tu. Kiatu kinabaki kimelala ubavu.

Akacheka kidogo. Kisha akasema. Yeye na Verda wote wawili walikuwa fukara wa maneno. Hakuwahi kumwambia mke wake jambo tamu ambalo halikumtoka kombo. Basi Verda akiwa benchini anavua kiatu, anaweka mguu wake juu ya mguu wa Lamar, na unakaa pale saa nzima, mpaka watu wanapopeana mikono kuufunga Mkutano. Wakiwa wamegombana njiani mguu ulichelewa, lakini ulikuja. Jumapili ile ya mwisho kabla ya hospitali hakuwa na nguvu ya kuvua. Lamar aliinama akamvulia.

Sasa anakaa pale pale, na mguu wake una baridi. Saa nzima una baridi. Na mtu mzima ataanzaje kumwendea mwenzake na habari ya mguu? Joanna akipiga simu anauliza nyumba. Mkutano unauliza nyumba. Jina la Verda hakuna anayelitaja, watu wanalikwepa kama shimo la barabarani.

Akalia. Wazi wazi, mabega yanaruka.

Nikafungua mdomo nimsimulie baridi ya miguu yangu mimi, maana ninazo habari nyingi. Lakini kwa wasiwasi nilikuwa nimekwisha tia mdomoni biskuti ya Galen, nzima, kavu kama kigae. Ikagoma kwenda mbele, ikagoma kurudi nyuma. Nikabaki nimetoa macho, machozi yananichuruzika, siwezi kusema hata herufi. Lamar akayaona yale machozi. Akanishika mkono akaukaza, akaendelea kusema juu ya Verda. Jinsi alivyokuwa akiimba vibaya kwenye gari. Jinsi alivyowatukana kindi. Alisema mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe vyote.

Mwisho akafuta uso akasema sasa anaona wazi. Orpha akamwuliza anaona nini. Akasema alikuwa akiogopa kwamba akiliacha lile benchi, itakuwa kama Verda hakuwahi kuketi pale. Kumbe muda wote Wilmer alikuwa anaona. Basi yuko mtu hapa anayejua. Sasa anaweza kwenda.

Kwenda! Mimi mwenyewe nimemfungulia lango! Nikaimeza biskuti kwa nguvu za Mungu nikauliza, na nge je?

Lamar akasema atakung'uta viatu.

Orpha akaniwekea mkono begani akasema, miaka yake yote ya kamati, hajasikia swali jema kuliko lile. Hivyo nimeshindwa na nimesifiwa kwa pumzi moja. Nilitaka kulia. Sifa nimezipokea.

Jumatano, 14 Februari

Galen kaisimulia habari mji mzima. Kila aliyeingia dukani kanipa mkono. Mama wa mbuzi kanunua mfuko mkubwa.

Nyumbani Rhoda alikuwa na jambo moja tu la kuniuliza, na leo ni siku ya wapendanao. Kwa sababu gani hasa nilikuwa naukodolea macho mguu wa mke wa mtu, Mkutanoni, miaka yote hiyo? Na wake yeye unafananaje, kwa mfano?

Nikajibu ukweli. Nikasema sijui, sijapata kuutazama.

Chakula cha jioni nimejipikia mwenyewe. Mayai. Moja limeungua.

Jumamosi, 24 Februari

Lamar hakuiuza nyumba; imepata mpangaji. Gari la Lamar limejaa mpaka juu. Leo ndiyo safari.

Nilikuwa na mbinu ya mwisho. Nikaegesha gari langu la duka nyuma ya lake, nikatangaza kwamba limegoma kabisa, labda mpaka masika. Galen akaingia, akalitia ufunguo, likawaka mara moja, linanguruma kama jipya. Akanitazama kwa dirishani. Nikasema ni muujiza, tumshukuru Mungu.

Lamar akaja kuniaga. Akasimama karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Naogopa, Wilmer." Nikamwambia mimi naogopa zaidi, maana yeye anakwenda kwenye jua na binti yake, mimi nabaki kwenye baridi na Orpha. Akatabasamu, akanipa mkono.

Kisha akamwendea Orpha, akamwambia maneno yale yale. Nilisikia. Naogopa. Orpha hakumjibu kitu. Alisogea, akamfunga kifungo cha juu cha koti, akaacha mkono wake pale kifuani. Basi, ndio hivyo tu. Na Lamar akalia mbele ya watu wote, na akaingia garini uso umemtulia.

Sielewi huyu mama ana nini. Kifungo hata mimi najua kufunga.

Nilisimama njiani mpaka gari likapotea nyuma ya ghala. Rhoda akanishika mkono. Hakuniuliza chochote. Ningekuwa na mengi ya kumjibu.

Jumapili, 3 Machi

Mkutanoni benchi la mbele yangu ni tupu. Kusema kweli sikulitazama sana.

Karani wa Mkutano katangaza kwamba dada mmoja anaomba Kamati ya Uwazi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza jina. Ameniambia wataniombea kwanza. Nimemwambia pia niko tayari kuwafundisha wenzangu jinsi ya kusikiliza, hata Orpha, bila kinyongo, maana kipaji kikigunduliwa si halali kukifungia ghalani. Karani akasema, "Tumekusikia, Rafiki," lakini kwa namna nzuri.

Mchana Lamar kapiga simu kutoka Arizona! Sauti yake ya mbali, kama inapita kwenye bomba. Joanna anamtunza. Jua lipo kila siku, nge hajamwona. Watu wa Mkutano wa kule wanakalia viti vya kukunja, kila mtu na chake, amekaa mwenyewe kama kwenye kituo cha basi. Kisha akasema jana alikuwa dukani, akafika mbele ya chupa za matango ya siki, akaiona ile aina aliyokuwa akiipenda Verda, akaishika, na akashindwa kuirudisha rafuni. Akalia pale pale mbele za watu. Kijana wa duka akamletea ndoo akae juu yake.

Nikatambua kwamba saa yangu imefika. Nikavuta kiti. Nikamwambia la duka lisimsumbue, si kitu, nikamweleza jino langu. Gego la juu, lilivyoanza kama mchezo, lilivyohamia sikioni, alivyoniambia daktari, nilivyomjibu, na jinsi sindano yenyewe ilivyokuwa ndefu. Sikuruka kitu. Upande wa pili kimya kabisa, hata pumzi sikuisikia. Orpha mwenyewe hajapata kumtuliza mtu namna ile.

Nilipomaliza Lamar akanishukuru kwa adabu, akaniambia pole. Kisha akaniomba namba ya simu ya Orpha. Nimempa. Nadhani anataka kumsimulia jinsi nilivyomfariji.